Tudai faili, si programu: barua ya wazi kwa uongozi wa chuo

Kwa Mkuu wa Chuo,
Wajumbe wa Baraza la Taaluma,
na Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA.

Waheshimiwa,

YAH: SHARTI LA KUANDAA NA KUWASILISHA TASNIFU KWA PROGRAMU MOJA YA KULIPIA

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni mkufunzi na msimamizi wa tasnifu chuoni kwenu. Malalamiko haya si mageni mezani kwenu. Niliyatoa kwa mdomo katika kikao cha idara, nikayaandika kwenye dokezo lililopitia kwa mkuu wa idara, kisha nikayatuma kwa barua pepe. Idara ilinielekeza TEHAMA. TEHAMA wakasema mwongozo ni wa Baraza. Ofisi ya Baraza ikasema mambo ya programu ni ya TEHAMA. Wakati napigwa danadana hivyo, tasnifu ziliendelea kurudishwa kwa wanafunzi. Ndiyo maana leo naandika hadharani, kwa heshima ile ile niliyoandika nayo faraghani.

Sharti lenyewe ni sentensi moja katika mwongozo wa tasnifu: kazi yote iandaliwe na iwasilishwe kwa Microsoft Word. Sina ugomvi na Word. Ni programu nzuri, ipo tangu 1983, na huko chini nitataja ofisi ambazo mimi mwenyewe ningewasihi msiwanyang'anye. Ugomvi wangu ni na sharti linalomtaka mwanafunzi alipie chombo ambacho kazi yake haikihitaji, halafu linamkata alama kwa kutokuwa nacho.

Hoja zangu ni hizi.

1. Mwongozo unataja programu pale ulipopaswa kutaja aina ya faili.

Mimi kama msimamizi sipokei programu kutoka kwa mwanafunzi. Napokea faili. Na faili ya .docx, ambayo mwongozo unaichukulia kana kwamba ni ya Word peke yake, ilipitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008, kwa namba ISO/IEC 29500. Faili ya .odt, ambayo LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia nyaraka, inayofanya kazi kama ya Word) huitumia kama yake ya msingi, ilikwishapata hadhi hiyo mwaka 2006, kwa namba ISO/IEC 26300. Maelezo ya jinsi faili hizi zinavyojengwa yamechapishwa, na mtengeneza programu yeyote anaweza kuyafuata. Anayetilia shaka achukue nakala ya tasnifu yoyote ya .docx, abadilishe mwisho wa jina uwe .zip, kisha aifungue. Atakuta folda ndani ya folda, na katika folda iitwayo word atakuta document.xml: maneno ya mwanafunzi yako humo, yamezungukwa na alama zinazoeleza hiki ni kichwa, hii ni aya, haya ni maandishi ya mlazo. Hakuna siri humo inayohitaji ufunguo wa kununua.

Hayo ni kwa rasimu, ambazo msimamizi na mwanafunzi hurudishiana na kusahihisha. Tasnifu iliyokamilika ni jambo jingine kabisa. Hiyo haihaririwi tena. Inasomwa, inachapwa, inatunzwa maktaba. Kazi hiyo ina faili yake, nayo ni PDF. Kwa kutunza miaka mingi kuna PDF/A, iliyowekewa kiwango cha ISO mwaka 2005, ambayo lazima ibebe fonti zake humo humo ndani ili ukurasa uonekane vile vile popote utakapofunguliwa. LibreOffice inatoa zote mbili bila nyongeza yoyote. Lakini maktaba yetu, kwa kufuata mwongozo, inapokea na kutunza .docx. Yaani msomaji yeyote anayefungua nakala hiyo anaweza kugusa kibodi bila kujua, akafuta mstari, akahifadhi, na hakuna atakayegundua. Ninaomba Mkutubi aulizwe kama huo ndio utunzaji anaoutaka.

2. Wanafunzi wanakatwa alama kwa kosa la fonti.

Hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa hiyo mnivumilie nikieleza kwa kirefu.

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alitumia kiolezo cha chuo, ambacho kimewekwa fonti ya Calibri. Kompyuta yake haikuwa na Calibri, kwa kuwa fonti hiyo ina leseni yake na haiji na kila mfumo. Programu yake ilifanya kile ambacho programu yoyote hufanya fonti inapokosekana: ikaweka nyingine badala yake, pana kidogo. Akapanga kurasa zake kwa kuangalia kioo chake, zikakaa vizuri. Mtahini akafungua faili ile kwenye mashine yenye Calibri. Herufi zikabana, mistari ikapungua, kila kitu kikapanda juu. Kichwa cha sehemu kikabaki peke yake chini ya ukurasa huku aya yake ikianzia ukurasa unaofuata. Jedwali la matokeo likakatika katikati, safu mbili huku na zilizobaki kule. Namba za ukurasa wa yaliyomo zikawa mbele kwa ukurasa mmoja. Pembeni mtahini akaandika kwa wino mwekundu: "Muundo mbovu. Tumia Word."

Tulichofanya ni kuweka fonti ya Carlito kwenye kompyuta ile. Carlito ni ya bure, na imetengenezwa makusudi ili kila herufi yake iwe na upana ule ule wa herufi ya Calibri. Kwa Cambria kuna Caladea. Kwa Times New Roman kuna Liberation Serif, moja ya fonti ambazo kampuni ya Red Hat ilizitoa mwaka 2007. Baada ya hapo alichokuwa anakiona yeye kikawa ndicho anachokiona mtahini, akarekebisha kurasa, kazi ikaisha. Hakuna neno lililobadilishwa wala programu iliyonunuliwa. Alama alizokatwa, hata hivyo, hazikurudishwa.

Na msidhani Word kwa Word haina balaa hili. Calibri ilikuwa fonti ya kuanzia ya Word tangu toleo la 2007. Kuanzia 2023 nafasi yake imechukuliwa na Aptos. Mkufunzi mwenye toleo jipya akimtumia mwenzake mwenye toleo la zamani lisilo na Aptos, kurasa zitahama vile vile. Tofauti ni kwamba hao wawili wataita ni hitilafu ya kompyuta. Mwanafunzi anaambiwa ni mzembe.

3. Leseni ya chuo inakoma, tasnifu inabaki.

Mnasema, na ni kweli, kwamba mwanafunzi aliyesajiliwa hupewa Word kupitia akaunti ya chuo. Akimaliza masomo akaunti hufungwa. Word ya kulipia kwa kipindi, muda wake ukiisha, hukuruhusu kufungua faili na kuchapa karatasi, lakini hukuzuia kuhariri na kuanzisha nyaraka mpya. Kwa hiyo mhitimu anayetaka kugeuza sura ya nne kuwa makala ya jarida anajikuta anaitazama kazi yake mwenyewe kupitia dirisha lililofungwa. Tumemfundisha kwa miaka yote ya masomo chombo kimoja tu, kisha tunamnyang'anya siku anayoanza kujitegemea.

4. Sharti linawasukuma watu kwenye nakala za wizi.

Hili nalitaja kwa ufupi kwa sababu nyote mnalijua. Asiye na uwezo wa kulipia, na asiyeambiwa kuwa ipo njia nyingine halali, hutafuta nakala iliyovunjwa kinga. Anayepakua kitu cha kuvunjia kinga huambiwa kwanza azime programu yake ya kuzuia virusi, na huko ndiko virusi vinakoingilia. Kisha flashi yake inakuja kwenye maabara zetu. Kitengo cha TEHAMA kinatumia nguvu nyingi kusafisha mashine, lakini hakijawahi kujiuliza uchafu unaletwa na nini.

5. Somo la kompyuta linafundisha vitufe, halifundishi kuandaa nyaraka.

Mwanafunzi wetu anatoka mwaka wa kwanza akijua mahali kitufe cha herufi nzito kilipo kwenye Word. Hajui mtindo wa kichwa ni nini, yaani ile alama inayoiambia programu kuwa mstari huu ni kichwa. Matokeo yake nayaona kila msimu wa tasnifu: ukurasa wa yaliyomo umechapwa kwa mkono, nukta baada ya nukta, kutoka "Sura ya Kwanza" hadi namba ya ukurasa, na namba zenyewe hazijalingana upande wa kulia. Ongeza aya moja katika sura ya pili, na kuanzia hapo kila namba ni uongo. Ukurasa mpya unapatikana kwa kubonyeza Enter mpaka mshale ushuke wenyewe. Tanbihi ni tarakimu iliyoinuliwa juu kwa mkono, na maelezo yake yamesukumwa chini ya ukurasa kwa nafasi tupu.

Kazi ya namna hiyo itavurugika popote itakapopelekwa, hata kama imeandikwa kwa programu ghali kuliko zote. Aliyejifunza kuipa kila sehemu mtindo wake, kuacha programu itengeneze yaliyomo, na kuweka marejeo kwa chombo kama Zotero (ambacho ni cha bure na kinafanya kazi na Word, LibreOffice na Google Docs) hahangaiki anapohama. Ukimpa programu asiyoizoea atatafuta menyu kidogo, ataendelea. Tumeshughulika na jina la programu tukaacha ufundi wenyewe, na kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la mwongozo huu kuliko hata suala la fedha.

Najua mtakachojibu, kwa kuwa nimekwishajibiwa.

Mtasema waajiri wanataka Word. Wengi wanaitumia, sikatai, na ndiyo maana siombi iondolewe maabara. Ila msiseme kwamba ofisi za maana hazitumii kingine. Serikali ya Uingereza mwaka 2014 ilichagua ODF, ambayo ndiyo familia ya .odt, kwa nyaraka ambazo ofisi zake zinahaririana, na PDF/A au HTML (faili za kurasa za tovuti) kwa nyaraka za kusomwa tu. Jimbo la Schleswig-Holstein nchini Ujerumani lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta zake 30,000 kwenda LibreOffice. Mtu atanikumbusha Munich, na ana haki: mji huo ulihamia programu huria (zile ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzibadilisha) kwa miaka mingi, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Sawa. Munich inatufundisha kwamba kuhamisha ofisi nzima kwa mkupuo ni kazi ngumu yenye siasa zake. Mimi siombi tuhamishe ofisi yoyote. Naomba mwanafunzi asizuiwe.

Mtasema cha bure hakina mwenyewe, kesho kitakufa. Tazameni historia ya hii LibreOffice. Ilianza kama StarOffice, bidhaa ya kampuni ya Kijerumani. Kampuni ya Sun Microsystems wakainunua mwaka 1999, mwaka uliofuata wakauachia msimbo wake (maandishi yanayoijenga programu) hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Mwaka 2010 Sun ikamezwa na kampuni ya Oracle, na kabla mwaka haujaisha sehemu kubwa ya watengenezaji wakajitenga, wakauchukua msimbo ule ule, wakaanzisha The Document Foundation na kuipa programu jina jipya. Wamiliki wamebadilika, kampuni zimeondoka, na faili za zamani bado zinafunguka. Upande wa kulipia nako kuna mwisho wake: Office 2016 na Office 2019 (vifurushi vya Microsoft ambavyo Word imo ndani yake), zilizouzwa kama za kununua mara moja, zote ziliachwa bila marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Zinawaka bado, lakini atakayeendelea nazo ajilinde mwenyewe.

Mtasema faili huvurugika zikipita kati ya programu mbili. Hapa kuna ukweli, na naupokea. Makro (maagizo yanayoifanya programu irudie kazi yenyewe) zilizoandikwa kwa ajili ya Office hazifanyi kazi zote ndani ya LibreOffice. Michoro ya SmartArt, ile inayochorwa kwa violezo vya Office, hupoteza uhai, ikabaki maumbo ya kawaida. Fomu zenye visanduku vya kuchagua huweza kukaa vibaya. Nyaraka iliyopita kwa wahariri wengi, kila mmoja na masahihisho ya rangi yake na maoni pembeni, ni salama zaidi ikibaki kwenye programu moja mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ofisi ya uhasibu yenye makro zake, ofisi ya msajili yenye fomu zake, na mwanasheria wa chuo anayebadilishana rasimu za mikataba na mawakili wa nje, hao waacheni na Word yao na mlipie bila kusita. Lakini tasnifu ina vichwa, aya, majedwali, picha, tanbihi na marejeo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji leseni.

Jibu la mwisho nililopewa na TEHAMA ni kwamba wanafunzi wana za bure za mtandaoni, yaani Google Docs na Word ya kwenye kivinjari. Kuna bure na bure. Hizo ni bure kwa maana kwamba hulipi fedha. Unahitaji akaunti, unahitaji intaneti (Google Docs inaweza kutumika bila intaneti, ila lazima uwe umeiandaa mapema ukiwa nayo), Word ya kivinjari imepunguzwa ukilinganisha na ile kamili, na mwenye huduma anaweza kubadilisha masharti muda wowote. Kwa insha ya wiki hii zinafaa sana, na kwa kuandika pamoja watu watatu sijaona rahisi kuzishinda. Lakini nina mwanafunzi anayenukuu mahojiano na wagonjwa aliowaahidi kwa maandishi kwamba maneno yao hayatatoka kwenye kompyuta yake. Mwongozo wa maadili ya utafiti, ambao pia ni wenu, unamtaka atimize ahadi hiyo. Basi huyo aandikie wapi? LibreOffice inakaa kwenye mashine yake, haidai akaunti wala nenosiri, na leseni yake inamruhusu kumpa mwenzake nakala bila kuvunja sheria.

Nyongeza ndogo kwa wanafunzi watakaosoma barua hii, maana chuo hakijawaambia: msipakue OpenOffice mkidhani ni kitu kile kile. Apache OpenOffice ingalipo, lakini inafungua .docx bila kuweza kuhifadhi katika .docx. Wengi wanaolalamika kuwa "programu ya bure imegoma" wameshika hiyo.

Ninachoomba, waheshimiwa, ni haya:

(a) Sentensi ile ya mwongozo ifutwe, na mahali pake paandikwe: rasimu ziwasilishwe katika .docx au .odt, nakala ya mwisho katika PDF/A.

(b) Kiolezo cha tasnifu kitolewe upya katika aina zote mbili za faili, kwa fonti ambayo kila mwanafunzi anaweza kuipata bila kulipa. Kazi hii niko tayari kuifanya mwenyewe, bila posho.

(c) LibreOffice iwekwe kwenye mashine za maabara kando ya Word, na somo la kompyuta lifundishe mitindo, yaliyomo ya kujitengeneza na tanbihi kwa programu zote mbili.

(d) Kabla leseni za chuo hazijahuishwa, kila idara iulizwe ni nani hasa anayetumia makro, fomu au masahihisho ya wahariri wengi. Hao walipiwe. Wengine waulizwe wanataka nini.

(e) Tasnifu zilizokatwa alama kwa "muundo mbovu" zipitiwe upya pale ambapo chanzo ni fonti au programu. Mtahini afungue PDF aliyoitoa mwanafunzi mwenyewe, aione kazi kama ilivyopangwa.

Ombi la (e) haligharimu chochote na linaweza kuanza kesho asubuhi. Ombi la (a) linahitaji kikao kimoja cha Baraza. Nasubiri jibu la maandishi kabla mwongozo wa mwaka ujao wa masomo haujapelekwa kuchapwa. Likija, nitalitoa hadharani kama nilivyoitoa barua hii, liwe la kukubali au la kukataa.

Wenu katika utumishi,

Mkufunzi na msimamizi wa tasnifu

Nakala: Serikali ya Wanafunzi; Mkutubi Mkuu; Wakuu wa Idara zote